Kikao cha Kumsifu Marit Sundet Bila Kuzidisha

KAMATI YA ZAHANATI YA MJI WA LISBAKKEN, DAKOTA KASKAZINI

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumanne, tarehe 14 Januari, 2025, katika chumba cha chini cha Kanisa la Kilutheri

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Duane Kvalheim, Mwenyekiti, mkulima wa alizeti
2. Bi. Verna Opdahl, Mjumbe, msimamizi wa jiko la kanisa
3. Bw. Orville Sundet, Mjumbe, babu yake mwombaji
4. Bw. Arvid Nesheim, Katibu
5. Mchungaji Clayton Beasley, mwalikwa asiye na kura. Mgeni kutoka Texas, yupo mjini mwaka wa kumi na moja

ASIYEHUDHURIA
Bw. Gaylord Myhre. Hakutoa udhuru. Gari lake lilionekana ziwani, juu ya barafu, pale watu wanapovulia samaki.

KUMB. NA. 1/2025: KUOMBA RADHI

Katibu aliwaomba radhi wajumbe na wakazi wote kwa ukimya wa Kamati tangu Septemba. Alieleza kwamba kikao cha Oktoba kilikosa akidi kwa sababu ya mavuno, cha Novemba kwa sababu ya msimu wa kuwinda kulungu, na cha Desemba kwa sababu Bi. Opdahl na Bw. Sundet walikuwa hawasemezani. Mwenyekiti alitaka sababu ya Desemba iandikwe kuwa ni theluji. Katibu alieleza kwamba siku hiyo haikuanguka theluji.

KUMB. NA. 2/2025: SWALI KUTOKA TEXAS

Mwenyekiti alikumbusha kwamba Marit Sundet, mjukuu wa Bw. Sundet, ameomba kusomea udaktari katika chuo kimoja cha tiba huko Texas, kinachofundisha madaktari wa miji yenye daktari mmoja tu. Chuo cha jimbo letu kimekwisha kumwambia asubiri, mara mbili. Huko Texas nafasi tisa katika kila kumi ni za watoto wa jimbo lao. Zinazobaki zinagombewa na watu wa majimbo mengine yote. Kwa hiyo mtu wa nje hutakiwa kuleta barua ya jamii yake, nayo isiwe dhaifu.

Kamati ilituma barua hiyo Septemba. Sasa chuo kimeuliza kwa maandishi: "Je, kuna jambo baya kuhusu mwombaji ambalo Kamati haikupenda kuliandika?" Jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa.

Mwenyekiti alisema kwamba haelewi swali. Katibu aliisoma barua ya Septemba yote:

"Tunamfahamu Marit Sundet. Ni msichana asiye mbaya. Huja anapoitwa. Hatujapokea malalamiko. Mkimpokea, hatutakuwa na pingamizi."

Mchungaji Beasley alicheka hadi akaweka kikombe chini. Alipotakiwa kueleza, alisema: "Wazee wangu, kule kwetu barua kama hii tunamwandikia mtu aliyeiba ng'ombe, ila ushahidi ukakosekana."

Bi. Opdahl alijibu: "Mchungaji, wewe ni mgeni, hatukulaumu. Hiyo ni sifa. Mimi mwenyewe niliona 'huja anapoitwa' imepita kiasi."

Bw. Sundet alisema kwamba na yeye aliona hivyohivyo, lakini hakutaka kuleta ubishi.

KUMB. NA. 3/2025: HALI YA ZAHANATI

Mwenyekiti alieleza kwamba wilaya itaamua mwezi Machi kama zahanati ifungwe. Haina daktari tangu Daktari Subramani alipoondoka baada ya majira manne ya baridi. Marit ndiye mtu pekee aliyewahi kusema kwamba akisoma atarudi Lisbakken, na amelisema bila kulazimishwa.

Mchungaji Beasley aliuliza kwa nini Daktari Subramani aliondoka.

Mwenyekiti alisema kwamba hakuna anayejua. Alikuwa mtu mzuri. Aliwazalisha wakazamwana wote wa Mwenyekiti. Siku ya kumuaga daktari, Bw. Sundet alizungumza kwa niaba ya mji mzima.

"Ulisemaje, Bwana Orville?" Mchungaji aliuliza.

"Nilisema, 'Tulikuwa tumekuzoea.'"

"Basi?"

"Hotuba ndefu huchosha."

Mchungaji alieleza kwamba jioni ile daktari alimpigia simu kumwuliza kosa lake ni nini. Mwenyekiti alipinga, akasema kwamba daktari alijua fika kuwa anapendwa.

"Nani alimwambia?"

"Kila Agosti tulimwekea mamumunye ya bustani zetu mlangoni."

"Bwana Duane, alidhani mnayatupa."

Kahawa iliongezwa.

KUMB. NA. 4/2025: BARUA YA PILI

Mchungaji Beasley alisoma rasimu aliyoiandaa kwa nia njema. Ndani yake Marit alielezwa kuwa lulu ya nyanda za kaskazini, akili isiyo na mfano na moyo mpana kuliko anga.

Bi. Opdahl aliuliza: "Huyu ni Marit au malaika Gabrieli?"

Bw. Sundet alisema: "Huyo simjui. Akipita kwangu nitamkaribisha kahawa kama mtu yeyote, lakini simjui."

Mchungaji alisema, kwa sauti ambayo Katibu aliiona ya juu: "Jamani, wenzenu wa Texas wanawaandikia watoto wao hivi, na mbaya zaidi ya hivi! Mtoto wa nyumbani kwao anaingia kwa sifa za uongo, wenu abaki nje kwa ukweli mlioukalia?"

Mwenyekiti alisema kwamba Kamati haijawahi kusema uongo, na haitaanza kwa sababu ya Texas. Hata hivyo alikiri kwamba mtu hawezi kusikia jambo ambalo halijasemwa. Alipendekeza kila mjumbe aseme jambo moja aliloliona kwa macho yake, bila kulipamba. Pendekezo lilikubaliwa.

Mwenyekiti alianza. Alieleza kwamba katika dhoruba ya Februari mwaka jana, mama yake mzazi alishindwa kupumua na barabara zilikuwa zimefungwa. Marit, ambaye hujitolea katika gari la wagonjwa la mji, alikuja na trekta. Alikaa na mama huyo siku mbili, akipokea maelekezo ya hospitali kwa simu. Mama yuko hai. "Na bado analalamika," Mwenyekiti aliongeza, akataka sentensi hiyo isiingie katika barua.

Ilipofika zamu ya Bi. Opdahl, alisema kwamba hana la kusema. Mchungaji alimwuliza kuhusu mumewe, Bw. Selmer.

Bi. Opdahl alieleza kwamba katika karamu ya kanisa ya Oktoba, ile ya samaki wa kulowekwa katika magadi, Bw. Selmer alikabwa na chakula. Marit aliruka meza, akamkumbatia kwa nyuma na kumbana tumbo mara kadhaa mpaka chakula kikatoka, mbele ya waumini wote na wageni kutoka makanisa mawili.

"Angeweza kumpeleka jikoni kwanza," Bi. Opdahl alisema.

Bw. Sundet alisema: "Alikuwa hapumui, Verna. Jikoni ni mbali."

"Watu wote walimwona akitema!"

"Walimwona akiwa hai."

Haya yalikuwa maneno ya kwanza ya wajumbe hawa wawili kuambiana tangu karamu hiyo. Bi. Opdahl alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, kisha akamwambia Katibu: "Haya, andika. Ila usitaje samaki. Watadhani sijui kumpika."

Iliazimiwa kwamba iandikwe "chakula".

KUMB. NA. 5/2025: KAULI YA BW. SUNDET

Bw. Sundet aliomba asiseme kitu, kwa kuwa mwombaji ni damu yake na si vizuri mtu kuusifia mzigo wake sokoni.

Mchungaji aliuliza kama Marit anajua kuhusu swali la Texas. Bw. Sundet alijibu kwamba anajua. Alilisoma Jumapili, wakiwa mezani.

"Alisemaje?"

"Aliniuliza, 'Babu, kuna jambo nimewakosea?'"

"Nawe ukamjibuje?"

"Nikamwambia ale, viazi vinapoa."

Mwenyekiti alimtaka Bw. Sundet afikirie jibu jingine. Bw. Sundet alitazama dirisha, ambalo katika chumba hicho huonyesha ukuta tu. Kisha alisema:

"Andika hivi, Arvid. Nikiugua, nitamngoja yeye."

Katibu aliuliza kama hiyo ndiyo sentensi nzima. Bw. Sundet alisema kwamba ndiyo nzima.

Mwenyekiti alionyesha wasiwasi kwamba maneno hayo ni mazito kupita kawaida ya mji huu, na kwamba Marit akiyaona huenda akavimba kichwa. Mchungaji alisema: "Bwana Duane, mtoto ana miaka ishirini na minne. Mwacheni avimbe mara moja tu, kitanywea chenyewe."

Kwa kuwa hapakuwa na maafikiano, kura ilipigwa kama sentensi hiyo ibaki au iondolewe. Bw. Sundet hakupiga kura kwa sababu ya udugu. Mwenyekiti alitaka iondolewe. Katibu alitaka ibaki. Uamuzi ulibaki kwa Bi. Opdahl, ambaye aliomba kahawa kwanza, akainywa yote.

Bi. Opdahl aliinua mkono kutaka ibaki. Alipotakiwa kutoa sababu, alisema: "Na mimi ningemngoja. Lakini yangu msiiandike."

Yameandikwa hapa kwa kuwa yalisemwa kikaoni. Hayataingia katika barua.

KUMB. NA. 6/2025: UTEKELEZAJI NA KUFUNGA KIKAO

Iliazimiwa kwamba barua itumwe kesho asubuhi, ikijibu swali la chuo kwa ufupi: hakuna jambo baya lililofichwa, lililofichwa lilikuwa jema. Yafuate maneno ya wajumbe, sentensi ya Bw. Sundet ikiwa ya mwisho; Katibu aliiandika barua papo hapo.

Mwenyekiti aliagiza Bw. Sundet amsomee mjukuu wake barua hiyo leo, kwa sauti, kabla haijatumwa. Bw. Sundet aliuliza kama Mchungaji anaweza kuisoma badala yake. Alikataliwa. Aliuliza kama anaweza kuruka sentensi ya mwisho. Alikataliwa. Aliuliza asimame au aketi wakati wa kusoma. Mwenyekiti alisema kwamba Kamati haina utaratibu juu ya hilo.

Bw. Sundet aliondoka kabla ya kikao kufungwa, akiwa na nakala mkononi, akaacha kofia yake mezani. Mchungaji alimfuata nayo hadi kwenye gari, akarudi na kutoa taarifa kwamba Bw. Sundet alikuwa ameketi ndani akisoma kwa sauti, peke yake, kwa majaribio.

Katibu anaahidi kwamba chuo kikishaamua, atamwandikia kila mkazi siku hiyohiyo, jibu liwe la kukubali au la kukataa.

Kikao kilifungwa saa 10:25 jioni.

....................................
Duane Kvalheim
Mwenyekiti

....................................
Arvid Nesheim
Katibu