Meza ya Tano, Kando ya Kioo

Alhamisi, 14 Aprili 2016

Simu ya dawati la mgahawa imelia asubuhi nzima mpaka sikio likapata moto. Wote wanafuta! Ikifika saa sita mchana wa Alhamisi hujafuta meza yako ya Ijumaa, na kesho yake usitokee, wanakata kwa kadi yako ya benki. Riyali mia kila kiti. Mwezi wa pili huu tangu sheria ianze, na Henry, meneja wetu, anatembea kama bwana harusi.

Na kusema kweli imefanya kazi. Zamani Ijumaa ilikuwa imejaa wiki tatu mbele. Mzazi anakuja na watoto, wameshapanda michezo yote ya jengo hili la burudani, njaa inawauma, unamwambia pole, hakuna nafasi. Kumbe zile meza nane za kando ya kioo, pale treni ya watoto inapita ukila, tatu zina watu, tano zina majina tu! Watu walikuwa wanashika meza kwetu, na kwa wale wa pizza chini, na hoteli moja mtaa wa West Bay, saa ile ile, halafu wanaamua wakiwa kwenye gari. Siku hizi mtu anafuta mapema, mwingine anapata.

Ila sisi wafanyakazi tumepoteza meza za hewa. Ndivyo tulivyoziita. Mwenye jina asipotokea, unamkalisha mtu wako: yaya aliyechoka kubeba mtoto, Mkenya yeyote aliyevaa vizuri siku hiyo. Unabonyeza "wamefika", kompyuta inanyamaza. Kevin aliyekuwa kwenye dawati hili kabla yangu akaanza kupokea chai kwa hizo meza. Walimpandisha ndege ya kurudi kwao sare yake ikiwa bado kwenye kamba.

Dada Warda amepiga mchana. Madam wake, wa mtaa wa Muaither, anataka meza ya tano, Ijumaa ya wiki ijayo, saa saba, watu sita. Na nyingine kwa pizza, saa hiyo hiyo! Nikamwambia, dada, siku hizi kuna kukatwa. Akacheka. Ati Madam ndivyo alivyo, mpaka aamke siku yenyewe ndio tumbo limwambie linataka nini. "Wewe niandikie, mwanangu, tukighairi nitakwambia mapema." Nimeandika, kwa kadi ya Madam.

Huyu Warda siwezi kumkatalia kitu. Mzanzibari, yaya, rika la mamangu mdogo. Mwezi wangu wa kwanza hapa Uarabuni sikujua hata kuuliza kwa Kiarabu wageni wako wangapi. Alikuwa amekaa na mtoto wa Madam, Dalal, akaniita pembeni: sema "kam nafar", watu wangapi, mwanangu, ukitabasamu. Nimeishi kwa hayo maneno mawili mpaka leo.

Jumapili, 17 Aprili

Cherotich anarudi nyumbani! Miaka sita ya kutandika vitanda vya hoteli Al Sadd, basi, amechoka, anaenda kufuga kuku. Baada ya ibada akanishika mkono. Hiyo treni yenu naiona kwa picha zako tu, Virginia, wacha nikae hapo mara moja kabla sijaenda. Ijumaa, yeye na Athanas na wengine wanne wa kwaya. Kila mtu atajilipia sahani yake.

Nikafungua kompyuta. Meza zipo. Kompyuta ikaomba kadi.

Cherotich hana. Athanas analinda benki, West Bay, anasimama mlangoni kwa benki masaa kumi na mbili! Na kadi yake ni ya kutolea mshahara tu, mashine yetu haiitaki. Nimewajaribia wote sita. Hakuna. Meza naziona kwa macho yangu zikiachwa kila Alhamisi, lakini si za watu wa aina yetu. Hata ukija na pesa taslimu mkononi, bila kadi ya kukatwa hushiki kiti.

Nimemwambia Cherotich nitaangalia. Ovyo! Kwa nini nilisema nitaangalia?

Alhamisi, 21 Aprili

Saa nne asubuhi, ujumbe wa Warda. "Vajinia mwanangu, Madam kaghairi, wanakwenda kwa pizza. Ile ya kwenu ifute. Ahsante."

Nikafungua jina la Madam. Kidole kikawa juu ya "futa".

Meza ya tano. Watu sita. Saa saba. Cherotich na wenzake ni sita!

Nikiifuta, kabla sijapumua itachukuliwa na mwenye kadi. Nikiiacha, kesho nawakalisha watu wangu pale, nabonyeza "wamefika", kadi haiguswi, Madam hajui, Warda hajui. Nani ameumia? Tumefanya hivi mara ngapi zamani.

Sijaiba. Nimeazima jina tu.

Sijamjibu Warda. Cherotich nimemwandikia: njooni kesho saa saba. Nimefungia simu kwenye loka, kazini ndio sheria.

Ijumaa, 22 Aprili

Mungu wangu. Mungu wangu.

Saa saba, hawapo. Saa saba na robo, hawapo. Natazama ngazi, natazama ngazi. Simu iko kwa loka. Nikasema nitabonyeza tu "wamefika", yaishe, hata wasipokuja. Nilikuwa nainua kidole Henry akasimama kando yangu. Meza ya tano vipi? Ile pale, anaiona, sahani nyeupe, viti vitupu sita. Utabonyezaje "wamefika" mbele ya viti vitupu? Nikasema hawajafika. Akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe: hawakuja. Halafu akaita familia iliyokuwa inangoja, wakakaa, mtoto wao akaipungia treni.

Jioni ndio nimejua. Mlinzi wa mlango mkubwa aliwazuia. Ijumaa ni siku ya familia, wanaume bila familia hawaingii, labda mwonyeshe ujumbe wa meza. Ujumbe wa meza! Uko kwenye simu ya Madam! Mimi naingilia mlango wa nyuma wa wafanyakazi mwaka wa tatu sasa, nikasahau kabisa kwamba kuna mlango wa mbele. Cherotich na wasichana wangeingia. Walikataa kuwaacha wanaume nje. Wakaenda kula biriani Al Sadd, wakanitumia picha, wanacheka wote. Usijali, Virginia, ilikuwa tamu.

Hawajui kitu. Na kadi ya Madam imeshakatwa. Benki hutuma ujumbe papo hapo.

Jumamosi, 23 Aprili

Warda amepiga. Sauti ya chini, yuko jikoni.

"Vajinia, ile meza uliifuta?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Pumzi moja tu. Ningesema, dada, nisamehe, nilifanya ujinga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kilichotoka ni: "Dada, ujumbe wako haukuingia. Sikuona kitu."

Nasikia friji yao ikinguruma.

"Aa. Basi ni huu mtandao wa jikoni," akasema. "Nisamehe, mwanangu, nimekusumbua bure."

Yeye! Ameniomba msamaha yeye!

Sikula.

Jumatatu, 25 Aprili

Tiki. Nimekumbuka nikiwa napiga mswaki. Ukisoma ujumbe wa mtu, kwake tiki mbili zinageuka bluu! Nikatema povu nikakimbilia simu, kana kwamba kuna kitu ningeweza kurudisha.

Labda hajui mambo ya tiki. Ni mtu mzima. Hutuma tu maua na dua za Ijumaa.

Tafadhali asijue.

Alhamisi, 28 Aprili

Madam amemnyima likizo.

Binti yake Warda anaolewa Unguja, mwezi huu wa Shaabani unaokuja, kabla ya Ramadhani. Amekuwa akiniimbia arusi hii tangu mwaka jana. Nguo ya dhahabu iko sandukuni, alinionyesha picha, amezificha pipi za wageni chini ya kitanda Dalal asizione. Madam alikuwa amekubali kabisa. Sasa anasema mpaka baada ya Idi.

Si kwa sababu ya pesa. Warda alisema akate kwenye mshahara, Madam akakataa. Alimwambia: nilikuuliza Alhamisi, umefuta? Ukanijibu nimefuta. Na hukufuta. Mtu wa kunidanganya kwa meza atanidanganya kwa mtoto. Wiki ijayo anaangalia kama hata amweke.

"Nikamwambia nimefuta kwa kuwa nimekutumia wewe," Warda akasema. "Kwangu mimi nikishakwambia wewe, limekwisha."

Limekwisha!

Nikamwambia dada, wacha nikutumie mimi hizo pesa, umpe. Akauliza: "Pesa za nini? Kwani wewe umefanya nini?"

Nikasema, basi tu, kukusaidia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wanavyosema. Lakini huu ni wangu! Nimemtwika yeye, natembea mikono mitupu, na bado ni mzito. Nikikiri, ni njia ya Kevin, ndege na sare kwenye kamba. Mtoto wangu ana miaka minne, anakula kwa dawati hili. Namwambia Mungu hivyo kila siku, na kila siku inasikika kama kisingizio.

Jumamosi, 30 Aprili

Henry amebandika picha yangu kwenye kantini ya wafanyakazi. Mfanyakazi wa mwezi! Ati kwa sababu meza tupu zimepungua na ni mimi ninayewakumbusha wateja wafute mapema. Wakapiga makofi. Nilitabasamu, kwenye picha meno yote yako nje.

Baadaye niliandika ujumbe mrefu kwa Warda. Yote, mwanzo mpaka mwisho, Cherotich, mlango, kidole cha Henry. Nikausoma. Nikaufuta.

Huo niliweza kuufuta.

Jumapili, 1 Mei

Niko chumba cha kubadilishia nguo. Nimemwambia Henry nakunywa maji. Wananingoja nje.

Madam amekuja. Na Warda, na Dalal. Hakuja kupiga kelele, ingekuwa afadhali. Mwanamke mpole, ananukia udi, ameketi kwenye kiti cha dawati langu. Alimwambia Henry kwamba huyu dada analia wiki nzima akidhani hasikiki. Yeye hataki kudhulumu mtu. Amekuja kuuliza mgahawa wenyewe: je, alijaribu kufuta au hakujaribu? Kama alijaribu, makosa ni ya huku, basi ataenda kwenye arusi ya mwanawe, tiketi anakata leo. Kama hakujaribu, ajue anaishi na mtu wa namna gani.

Henry akasema, aeleze mwenyewe, kwa lugha yake, asiogope. Na kwa bahati nzuri tuna Virginia wa kutafsiri. Kwa bahati nzuri!

Wakanisimamisha katikati. Henry akasema, muulize, siku ile alimwambia nani afute?

Nikamuuliza. Sauti yangu sikuitambua.

Warda alikuwa amemshika Dalal mkono. Hakunikunjia uso. Akaanza kusema polepole, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, na hakuna mwingine pale aliyeelewa hata neno moja.

"Vajinia, tiki niliziona. Ziligeuka buluu saa nne ile ile, mimi nimesimama na sufuria mkononi. Wiki nzima nangoja uniambie mwenyewe, nikasema mtoto huyu ataniambia. Hukuniambia. Si neno. Sijui ulikuwa na shida gani, lakini najua wewe si mtu mbaya. Wako bado mdogo, anakutegemea. Wangu keshakuwa mkubwa, ataolewa hata nisipokuwepo, shangazi zake watamtoa. Waambie nilisahau."

Halafu akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kam nafar, ili Henry asishuku.

Henry akaniuliza, amesema nini?

Madam ananitazama. Dalal ananitazama. Nikasema koo limekauka, samahani, nakunywa maji nakuja.

Sijanywa maji. Nimekaa kwenye benchi na shajara magotini.

Alichoniambia niseme, kwamba alisahau, kwa Kiingereza ni maneno mawili tu. Nimeyajaribu hapa mbele ya kioo, yanatoka vizuri, hata hayakwami. Yale mengine, ya kweli, sijui yanaanzia wapi. Yanaanza na Cherotich? Na kadi? Na mimi?

Treni imepita, Dalal anacheka huko nje. Henry ameniita mara mbili. Sasa ni sauti ya Warda, karibu na mlango, taratibu kabisa:

"Njoo, mwanangu, usiogope. Watu wanangoja."