Mwaka Masengo Aliposomeshwa na Redio

Mpendwa Tata, baba yangu,

Leo nataka tuzungumze juu ya mdogo wangu Masengo. Ulipokuwa hai tulimzungumzia mara nyingi, lakini kila mara mmoja wetu alikuwa na haraka, wewe ya kwenda kazini, mimi ya kurudi kwa mume wangu. Sasa huna pa kwenda, na mimi nimekaa. Nisikilize kidogo.

Unakumbuka tuliporudi Kolwezi baada ya vita. Tulikuwa tumekimbilia Kasaji kwa dada yake Mama, tukakaa huko miezi, na tuliporudi tukaikuta nyumba imesimama ila bila milango. Shule ndiyo iliyokuwa imekufa. Askari walikuwa wamelala humo, madawati yamekuwa kuni, na baadhi ya walimu hawakuonekana tena. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nilikwisha jua kusoma na kuandika. Masengo alikuwa na miaka sita, umri wa kuanza, na hapakuwa na pa kuanzia.

Hilo lilikunyima raha kuliko milango. Wewe uliendesha lori kubwa la kubeba mawe kule machimbo ya Mashamba, na jioni ulirudi vumbi limekujaa hadi ndani ya masikio. Ulipoketi nje kuvua viatu, makarani walipita na abakosi zao, zile koti za ofisini, zilizopigwa pasi, nawe ukawafuata kwa macho hadi mwisho wa barabara. "Mi nashika volan," ulikuwa ukituambia, mikono ikizungusha usukani usioonekana. "Batoto bangu batashika kalamu." Ulisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayesimulia jambo ambalo limekwisha kutokea.

Kisha habari ikaenea kwamba redio itafundisha watoto wadogo, kila siku alasiri, mpaka shule zitengenezwe. Uliuza baiskeli yako, ile ambayo sisi hatukuruhusiwa hata kugusa kengele yake, ukamwomba Tata Saleh, mfanyabiashara wa Maniema mwenye lori, akuletee redio kutoka Lubumbashi. Siku alipoileta uliibeba wewe mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ukaiweka juu ya meza, ukaweka kiti kidogo mbele yake, na kibao cha kuandikia na chaki. Ukamwamuru Mama amwogeshe Masengo, amvalishe blauzi nyeupe na sketi ya bluu.

Mama alicheka, akakuita kwa jina langu kama kawaida. "Tata Ngoie, masomo gani? Si kisanduku tu hiki?"

"Ku masomo, mutoto haendake na matope," ukamjibu. Hukucheka.

Sauti ya mwanamke ikatoka, sauti nzuri, ya upole. "Watoto, semeni pamoja nami: ba, be, bi, bo, bu." Halafu akanyamaza, ili watoto wajibu. Masengo aliitazama redio akitabasamu. Akakutazama wewe, akanitazama mimi, akairudia redio. Hakusema kitu. Na yule mwanamke akasema, "Vizuri sana!"

"Bizuri sana kwa nani?" ukauliza. "Kwa weye?" Mama akacheka tena, nawe safari hii ukacheka kidogo. Ilikuwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza inasamehewa.

Lakini siku zikafuatana, na Masengo akaendelea kutabasamu. Mtoto wa Tata Kalenga, jirani yetu, alikuwa akiimba ba-be-bi uani kwao hadi tukamsikia kupitia ukuta, na mtoto yule alikuwa mdogo kuliko Masengo. Kila alipoimba, uso wako ulikunjamana. Ulianza kwa kumbembeleza Masengo. Ukamletea pipi. Ukamwekea sheria: asiondoke kwenye kiti, asigeuze kichwa, aitazame redio tu. Mimi nikapewa kazi ya kumwangalia ukiwa Mashamba. Ajabu ni kwamba mimi nikimgeuza na kumwambia "Sema ba," alisema ba. Ukiwa wewe umekaa pale na sheria yako, macho yake yakiwa kwenye redio, alikuwa kama amelala.

"Kichwa nguvu," ukasema. "Anajua, hataki tu."

"Mutoto ni mudogo, Tata Ngoie."

"Na wa jirani? Ule si mudogo?"

Alasiri moja ulichukua fimbo. Sitaandika mengi. Hukuwa mtu wa fimbo, Tata, sisi wote tulijua, na ndiyo maana tuliogopa zaidi. Ulimpiga miguuni, na kila ukimpiga ulimuuliza, "Weye unanichekelea? Mi najichosha juu yako, weye unanichekelea?" Masengo hakutazama fimbo hata kidogo. Alitazama mdomo wako.

Kesho yake Tata Saleh alileta unga kwa jirani. Lori lake likaingia nyuma-nyuma kwenye uchochoro wetu, likipiga honi, na watu wakikimbiza watoto na kuku. Masengo alikuwa amechuchumaa katikati ya njia akiokota punje za mahindi zilizomwagika, ametupa mgongo. Honi ikalia. Mama akaita kutoka mlangoni, mimi nikaita, majirani wakapiga kelele. Yeye akaendelea kuokota. Wewe uliruka kutoka kwenye kiti chako bila viatu, ukamnyakua mkono mmoja, na gurudumu likapita pale alipokuwa. Tata Saleh akashuka mbio. "Nimepiga honi," alisema, "Mungu ni shahidi wangu, nimepiga honi."

Nilidhani utampiga tena. Badala yake ulimsimamisha uani, uso wake ukielekea ukutani, ukarudi nyuma hatua chache. Ukapiga makofi. Ukachukua sufuria na mwiko wa Mama, ukagonga, na kuku wakatawanyika. Masengo alikuwa akihesabu punje zake kiganjani. Ndipo ukaita jina lake. Uliliita kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, kabla wala baada ya hapo. Ukaenda mbele yake, ukapiga magoti, na alipokuona akafurahi. "Tata," akasema, na akakupa punje zake.

Mama ndiye aliyesema. "Haiko kichwa nguvu, Tata Ngoie. Haiko anasikia."

Hospitalini muuguzi alimchungulia masikio, akauliza kama mtoto aliugua karibuni. Mama akaeleza jinsi alivyochomwa na malaria kule Kasaji, akawa hajitambui, na jinsi walivyompiga sindano za kwinini hadi akafumbua macho. Muuguzi akatikisa kichwa. Wakati mwingine, alisema, dawa ile inaokoa mtoto na kuchukua masikio. Labda yatarudi kidogo, labda hayatarudi. Mtoto mwerevu, akaongeza, anaweza kuishi na watu nyumbani akisoma nyuso zao, na wao wasijue lolote.

Uliuliza swali moja tu. "Na masomo?"

Muuguzi hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilikukasirikia njia nzima hadi nyumbani.

Lakini nikuambie na haki yako. Tangu siku ile wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti kile kidogo. Ulipokuwa huendi kazini alasiri, uliinamisha kichwa hadi sikio likagusa redio, ukasikiliza, kisha ukageuka na kumwambia Masengo yale yale kwa mdomo wako, usoni pake. Ba. Be. Bi. Wewe mwenyewe hukuwa umemaliza shule, na baadhi ya maneno mliyasoma pamoja kwa mara ya kwanza. Nilikuona siku moja umeandika "bibi" kwenye kibao, ukajishangaa mwenyewe kabla ya kumwonyesha.

Na bado ulikuwa na haraka. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, nawe ulitaka aingie akijua. Alipokosea ulipanua mdomo zaidi, mishipa ikakutoka shingoni, ukapaza sauti kana kwamba sauti ingefika. Masengo akaanza kurudisha kichwa nyuma kila ulipofungua kinywa. Mama alisimama mlangoni siku moja, mikono imejaa unga wa bukari aliokuwa akiusonga, akakuuliza, "Unamusomesha, ao unamukula?" Ulikiweka kibao chini, ukatoka uani. Siku iliyofuata ulizungumza polepole, lakini yeye alikwisha jifunza kurudisha kichwa.

Shule ilifunguliwa, na mambo yakawa kama yalivyokuwa. Watoto walikuwa wengi, mwalimu alizungumza akiandika ubaoni, mgongo kwa darasa. Ulikwenda kuomba Masengo akae mbele, ukarudi ukisema umekubaliwa. Alikaa mbele. Mgongo wa mwalimu ukawa karibu zaidi, hilo tu. Mwaka wa kwanza alirudia, kisha akarudia tena, kisha ukamtoa mwenyewe bila kumwambia mtu. Redio ukaihamishia chumbani kwenu, ukawa unasikiliza mpira peke yako. Mama Zaina, mke wa Tata Saleh, akamchukua Masengo kumfundisha kushona.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hatukuwahi kulizungumza. Tata, wageni walipokuja, na Masengo akiwa pale akigawa maji ya kunawa, ulikuwa ukiwaambia kwa sauti ya chini: "Huyu angekuwa karani." Ulisema kwa huzuni, ukidhani umemficha. Hukujua kwamba anakusoma. Wewe ndiwe uliyemfundisha mdomo wako, herufi kwa herufi, na hakuna mdomo duniani alioujua kama huo. Aliniambia siku ya harusi yangu, akinipima gauni aliloshona yeye. "Tata anasemaka ningekuwa mutu," akasema, pini zikiwa katikati ya meno. "Mi niko nini sasa?"

Nilimwambia hukumaanisha hivyo. Alinitazama hadi nikaangalia chini.

Nilitaka kuja kukuambia. Kisha ukaanza kukohoa, na kikohozi kikamaliza mwili wako kidogo-kidogo, na mwishoni kikachukua sauti pia. Unajua ilivyokuwa pale kitandani. Ulisogeza mdomo, na Mama akainama, mimi nikainama, ndugu zako waliotoka Tenke wakainama, na hakuna aliyepata kitu. Masengo akawasukuma ndugu hao kwa kiwiko, akakaa mbele yako.

"Anasema mufungue dirisha," akasema.

Tukafungua. Ukasogeza mdomo tena.

"Anauliza kama nimekula." Akakujibu yeye mwenyewe, "Nimekula, Tata."

Halafu ulizungumza kirefu. Ulisita upate kupumua, ukaendelea. Masengo hakurudisha kichwa nyuma. Alikuwa ameinama kwako, macho kwenye midomo yako, na mimi niliona uso wake ukibadilika, lakini sikuweza kuona umebadilika kuwa nini. Ulipomaliza Mama akamshika bega, akamgeuza. "Amesema nini?"

"Hii ni yangu," Masengo akasema.

Nimemuuliza tangu hapo, zaidi ya mara moja. Anatikisa kichwa na kuendelea kukanyaga cherehani yake. Ana meza sokoni siku hizi, na anasoma vizuri tu, polepole, akisogeza midomo. Siwezi kukuambia kama amekusamehe, Tata. Siwezi hata kukuambia kama uliomba. Kuna usiku nadhani ulimwambia lile uliloliwaza miaka yote, na kuna usiku naogopa ulimpa ushauri mwingine tu wa kujitahidi.

Nakuandikia haya kwa sababu mambo yamerudi. Walimu wamegoma, hawajalipwa, shule zimefungwa, na redio imetangaza masomo ya wadogo. Ilunga wangu ana miaka mitano. Juzi mume wangu aliingia na mawe mapya ya redio, yaani betri, mfukoni, akaweka kiti mezani, akamwita mtoto. Ni mtu mwema. Anafanya kazi relini, na anawatazama makarani kama ulivyowatazama wewe. Nilimwambia tumpeleke kwa Mama Zaina, ambako wanawake watatu wamekusanya watoto uani, angalau mtu awatazame usoni.

"Kule banacheza tu," akasema. "Ba wengine banasonga mbele. Ilunga wetu iko anasikia bizuri, Ngoie. Haiko kama dada yako."

"Najua anasikia," nikamjibu. "Mi siogope masikio yake. Naogopa siye babili, vile tutamuangalia siku atakosea."

Alikaa akigeuza-geuza yale mawe ya redio kiganjani, na nikaona kwamba amekasirika, na kwamba amesikia, yote mawili. Bado hatujaafikiana. Leo asubuhi Ilunga alikaa mbele ya redio na baba yake akakaa karibu naye, goti kwa goti, na kesho nitampeleka uani kwa Mama Zaina. Keshokutwa sijui.

Sikuandikii kukuhukumu. Ungekuwepo ningekuuliza tu jambo ambalo simwoni mwingine wa kumuuliza: mtu anamtakia mwanawe mema kiasi gani kabla mtoto hajaanza kurudisha kichwa nyuma?

Ilunga amekuja, ameegemea bega langu, anauliza naandika kwa nani. Nimemwambia kwa babu yake. Ameitazama karatasi kwa muda, halafu akanipa amri:

"Basi andika kubwa-kubwa, Mama. Babu iko mbali."

Pumzika, Tata. Kifua chako kisikuume tena.

Mimi, mtoto wako wa kwanza,
Ngoie