Bata Mweupe Aliyebebwa na Nzivo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, Jumatatu tarehe 16 Juni 2025

Jina: Muthoki Wathome. Umri: miaka 54. Kazi: muuza mboga. Makazi: Lucky Summer, Nairobi.

Mimi ndiye mama yake Nzivo, na ninayosema hapa niliyaona kwa macho yangu.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, yapata saa nne asubuhi, nilimkamata bata wangu dume, mweupe, ili Nzivo ampelekee dada yake Mbeti kule Pipeline. Mbeti amejifungua juzi, na mzazi lazima anywe supu. Nilimvika bata soksi kichwani kama tunavyofanya siku zote, maana asipoona hutulia. Nzivo akambeba kwapani, akacheka: "Mama, huyu hata hajui anaenda kuchinjwa."

Sikuwa nimemaliza kufagia banda nikasikia kelele kwenye kona. Ilikuwa sauti ya jirani yangu Anyango, ambaye bata bukini wake alikuwa amepotea tangu alfajiri. "Mwizi! Hiyo ni bukini yangu! Ameifunika kichwa isipige kelele!"

Woi, afande, nilikimbia! Nilikuta vijana wameshamzunguka Nzivo kwa mawe. Nikapiga mayowe, "Ni bata wangu! Mvueni soksi muone!" Hakuna aliyeinama kumvua. Waliona manyoya meupe, basi, wakazidi kumpiga mwanangu.

Weupe si kitu, hata mfugaji wa jana anajua. Nendeni mumtazame huyo ndege mliyemchukua kama ushahidi mkamfungia uani hapa kituoni. Bata wangu ana nyama nyekundu yenye manundu kuzunguka macho, shingo fupi, na doa jeusi utosini. Hapigi kelele, anapuliza pumzi tu. Bukini ana shingo ndefu na mdomo wa rangi ya chungwa, na uso wake ni manyoya matupu. Mtu angeangalia uso tu, mwanangu angekuwa hai.

Nzivo alikata roho kabla hatujafika hospitali. Jioni bukini wa Anyango alirudi mwenyewe kutoka mtaroni, matope tele, analia hadi ploti nzima ikasikia. Anyango akaja akapiga magoti mlangoni pangu. Sikumfungulia. Tumekula sahani moja miaka mingi, na Nzivo alikuwa akimwita mama. Namchukia, afande, halafu namhurumia, halafu namchukia tena.

Sikuja kudai bata. Nimesikia hapa kwenu mwanangu ameandikwa mshukiwa wa wizi. Watu wa kanisa wameanza kukwepa matanga yangu. Ijumaa ninamzika. Nawaomba jina hilo lisiingie naye kaburini.

Ndiyo yote niliyo nayo. Nimesomewa, na ni kweli tupu.

Shahidi: (alama ya kidole gumba)

Maelezo ya afisa: Nimemwandikia shahidi kwa Kiswahili na kumsomea, akakubali. Kisha nimetoka naye uani nikamkagua ndege mimi mwenyewe. Uso mwekundu, shingo fupi, doa jeusi utosini. Ni bata.

Konstebo Gitonga