Mume Wangu Alificha Nyimbo Zote Zenye Waimbaji

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko, naandika juu ya meza ya kupigia pasi hapa kazini. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, tena wa kuongoza, mpaka miaka miwili iliyopita nilipopasuliwa koo, nikapona, namshukuru Mungu, lakini sauti ikabaki ya kukwaruza na kuimba ndiyo basi tena. Niliporudi kutoka hospitali nikakuta mume wangu, fundi wa friji, amejaza nyumba muziki wa ala tupu, okestra, kantri ya magitaa, nyimbo za kanisani na za sikukuu zikipigwa kwa vinanda na filimbi, neno hata moja hakuna, na mimi kwa mdomo wangu mbaya nikawa namcheka hata mbele ya wageni, "Baba watoto, muziki huu wa vyumba vya kungojea, leo tena tunamngojea daktari wa meno?" naye anatabasamu tu, anabadilisha CD.

Juzi nilikwenda kwa wifi yangu kuazima cherehani, nikakuta uvunguni makasha mawili ya CD zetu zote zenye waimbaji, pamoja na ile niliyoimba mimi. Wifi akababaika. "Tafadhali usinisemee kwa kaka. Aliniambia ukisikia watu wanaimba utalia, nizifiche. Alizunguka madukani wiki tatu kutafuta zisizo na mtu ndani."

Mshauri, nililia pale pale kwa shukrani. Ila nyimbo za watu haziniumizi, nazitamani, na zaidi namtamani yeye, maana alikuwa akioga anaimba, anakosea kila noti, mimi namsahihisha kutoka jikoni, na tangu niugue hajaimba hata mstari. Nikisema ukweli si nitaonekana sina fadhila? Nikinyamaza, tutazeeka hivi?

Mpiga Pasi

Dada Mpiga Pasi,

Pole, na hongera kwa kupona. Sasa ngoja nikuseme kidogo. Miaka miwili unamtania mtu na hujamuuliza hata siku moja kwa nini. Naye simwachi, alikuamulia kwamba utalia bila kukuuliza.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Wapo wanaoniandikia kwamba waume zao hawajui hata wanaumwa nini. Wako alisimama mbele ya wauzaji wiki tatu kwa ajili yako. Hilo lishike.

Wifi hana kosa, mume wako hatamla. Jumamosi asubuhi kachukue makasha yote, uyaweke mezani, umwambie, "Nimejua. Asante." Hiyo itangulie. Kwa kejeli ya daktari wa meno umwombe radhi, kisha umweleze wazi unachokitamani. Za okestra msizitoe. Chagueni moja muisikilize mmekaa pamoja, maana sidhani umewahi kuisikiliza hata moja kwa moyo.

Halafu yeye akaoge, wewe nenda jikoni. Akikosea noti, msahihishe kwa sauti hiyo hiyo uliyo nayo. Amengoja miaka miwili kusahihishwa.