Mkono Niliompa Mkwe Kulwa

Jumatano, alasiri imeshapita. Manyunyu tangu asubuhi, Kilosa yote tope.

Mimi Athumani nina miaka sabini na sita. Nimedumu kuliko mke wangu, kuliko kaka zangu wote watatu, kuliko kiwanda cha mkonge cha kule Kimamba nilikojifunzia kushika bisibisi. Mto Mkondoa umeingia ndani kwangu mara mbili, na mara mbili nimeutoa kwa ndoo. Shoti nimepigwa nyingi tu, nipo. Shule niliishia darasa la nne, lakini kutoka Kimamba mpaka Mikumi nionyeshe televisheni ya chogo ambayo sijaifungua mgongo.

Leo naogopa.

Naandika kwa kidole kimoja, kwenye ukurasa alionifungulia binti yangu Zuhura ili, kwa maneno yake, niache kuwachosha watu barazani. Simu inaandika herufi ambazo sijaziita. Nafuta, naanza upya.

Chanzo ni ubishi wangu. Zuhura ana duka la kuchapa barua pale Mikumi. Wiki iliyopita kompyuta yake ya zamani, ile yenye skrini ya chogo, kioo kikagoma kuwaka. Akachukua skrini bapa, akaichomeka kwenye kompyuta ileile, kazi ikaendelea. Mambo yalikuwa yameisha hapo. Mimi nikasimama mbele ya wateja nikasema hiyo ya chogo ni televisheni tu isiyo na antena, nitaiwasha mwenyewe.

"Baba, hakuna anayeitaka," akasema.

Nikaipakata kwenye basi mpaka Kilosa, magoti yakafa ganzi. Zuhura alinisindikiza hadi stendi na neno moja: nikipigwa shoti tena, hata ya kutekenya, anakuja kufunga chumba changu cha ufundi na mimi nahamia kwake. Hatanii huyo. Kachukua sauti ya mama yake.

Sasa nieleze, hata asiye fundi aelewe. Skrini ya chogo ina kioo kikubwa chenye shingo kwa nyuma, na kioo hicho kinaweka umeme hata ukichomoa waya ukutani. Watu husema, chomoa tu, imekufa hiyo. Haijafa. Inaweza kukaa nao muda mrefu, kimya, inakusubiri. Kwa hiyo kwanza unaumwaga. Unafunga waya kwenye chuma cha bisibisi, ncha ya pili unaibana kwenye ule waya mtupu uliokumbatia mgongo wa kioo, ndipo unapenyeza bisibisi chini ya kikombe cha mpira kilichopo ubavuni. Unashika mpini wa plastiki, na unatumia mkono mmoja tu. Wa pili ukae mbali, umeme usipate njia ya kuingilia huku na kutokea kule kupitia moyoni. Mimi wa kushoto huuchomeka kwenye mkanda, nyuma kiunoni. Miaka yote hiyo haujawahi kutoka kazi ikiwa haijaisha.

Leo umetoka.

Asubuhi niliiwasha kidogo nisikie inalia wapi, nikazima, nikachomoa. Nikapanda juu ya ubao mkavu, kandambili miguuni. Nikabana waya. Kushoto mkandani. Bisibisi imeshaingia chini ya mpira, bado haijagusa chuma, nasikia hodi, na mwenye hodi hakungoja karibu. Alikuwa Mzee Kulwa wa Rudewa, baba wa mume wa Zuhura, na galoni ya maziwa. Yuko miguu mitupu, viatu vyake vya tope kaviacha mlangoni kwa adabu, maji ya mvua yanamchuruzika sakafuni. Mkono ameshaunyoosha.

Ni mkwe, jamani. Wewe ungefanyaje? Umwambie mkwe angoje, mkono unaelea hewani? Umpe wa kushoto? Sikulelewa hivyo. Wala sikufikiri. Wa kushoto ukatoka mkandani, ukaipokea bisibisi palepale ilipo, wa kulia nikampa.

Na salamu ya Mzee Kulwa wanaoijua wanaijua. Akishika mkono hauachii mpaka habari ziishe. Za hapa, za mvua, za shamba, za magoti. Mimi nzuri, nzuri, uso kwake, mkono wa pili umo ndani ya mashine.

"Mkwe, mbona unanisalimia kama mtu aliyeficha kitu?" akasema. "Hebu sogea huku nikuone." Akanivuta. Bisibisi ikachomoka.

Nikageuka kuiangalia kazi yangu. Kibano cha waya kilikuwa sakafuni. Sijui kilianguka saa ngapi.

Nikaangalia mkono wa kushoto. Kwa ile haraka ya kupokea, vidole viwili vilikuwa vimepita mpini, vimeshika chuma chenyewe. Maana yake, ncha ingegusa tu chuma cha chini ya mpira, umeme ulikuwa umebakiwa na njia moja. Vidole vyangu, kifua changu, mkono wangu wa kulia, Mzee Kulwa, sakafu yenye maji.

Nikarudisha kibano, nikakivuta mara tatu kuhakikisha, mkono mkandani, nikapenyeza bisibisi. Ikalia tak, kama fimbo ya mchungaji mgongoni kwa ng'ombe, na cheche ya bluu. Maziwa yakamwagika. Mkwe nilimkuta ameshakimbilia mlangoni.

"Hicho nacho kilikuwemo wakati tunasalimiana?"

"Hapana," nikasema. "Kimekuja sasa hivi."

"Kimetokea wapi?"

"Mambo ya kifundi hayo, mkwe."

"Basi ya kifundi siku nyingine yanikute nimevaa viatu." Akacheka, akanywa chai, akaniuliza nitazeeka lini. Nikacheka na mimi. Akaondoka bila kujua.

Nimemdanganya mkwe wangu akiwa na kikombe changu mkononi.

Mimi kufa na bisibisi mkononi sikuwahi kukuogopa, nimejisifia hilo mara nyingi. Lakini nimekaa hapa mkekani nikiutazama mkono huu wa kulia. Zuhura angeingia Rudewa na uso gani? Angemwambiaje mumewe? Baba yangu kamuua baba yako akimsalimia, kwa ajili ya skrini ambayo hakuna anayeitaka.

Bado ipo mezani, iko wazi, kibano nimekiacha kimeshika kwa sababu kioo kile huweza kujikusanyia umeme tena. Ubovu wenyewe sijautafuta. Nadhani ni risasi ya kuunganishia nyaya iliyopasuka kwenye ule ubao wa ndani, kazi ya dakika kumi kwa fundi kama mimi. Nimesimama mlangoni mara mbili, miguu imekataa kuingia. Miguu yangu mimi, iliyosimama ndani ya Mkondoa.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mkwe atakuja tena, atanyoosha mkono tena, na najijua. Nitampa.

Zuhura, najua unasoma hapa. Chumba nimekifunga, ufunguo uko juu ya kabati la vyombo. Njoo na mumeo. Sijasema nahama, nimesema njoo.

Na atakayedhani mzee anajitungia, Mzee Kulwa wa Rudewa yupo, akamuulize. Mkono niliompa ataukumbuka, cheche aliiona, maziwa yalimwagika mbele yake. Kibano kuwa sakafuni hakukuona. Hilo shahidi wake ni mimi peke yangu, Athumani, na nimeshasema.