Mlango Niliosema ni Wangu

Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika lakini mabati bado yanadondosha, na viatu vyangu viko kizingitini vimejaa udongo wa Murukulazo. Sijavisafisha. Nimekaa tu.

Nimechoka, na si mwili peke yake.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba hii ni wiki ya tisa najifunza mashine ya CNC pale Ngara mjini. Kwa asiyejua: ni mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Unachora ua kwenye programu, unalituma, mashine inalichonga huku wewe umesimama pembeni. Nina miaka hamsini na tisa. Mimi ni seremala hapa Nyamiaga tangu ujana, na nilikwenda kujifunza kwa sababu kidole gumba cha mkono wa kulia hakikunjiki tena. Patasi inaniponyoka. Mke wangu aliniambia, "Gervasi, ama ujifunze hicho kidude, ama uanze kuchunga mbuzi." Mbuzi siwawezi.

Na kompyuta ilinitesa. Wiki mbili za kwanza kila mstari wangu ulitoka umepinda kama umechorwa na mlevi. Siku moja nilibonyeza kitufe nisichokijua, kazi ya tangu asubuhi ikapotea. Nilikuwa narudi nyumbani macho yanawasha, kichwa kizito, na sina hata maranda kwenye nguo ya kuonyesha kwamba nilikuwa kazini.

Anayetufundisha anaitwa Vestina. Ana miaka thelathini na kitu, mpole, hana haraka na mtu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi miaka ile ya makambi ya wakimbizi, yeye akiwa mtoto mdogo. Ananiita Fundi, na kila asubuhi ananiamkia shikamoo kabla sijavua kofia.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nilimjua baba yake.

Niligundua siku ya kwanza, alipojitambulisha. Alisema baba yake alikuwa fundi, akiitwa Zakaria, na alifia kambini. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikaikodolea macho kompyuta iliyokuwa haijawashwa. Kisha nikanyamaza. Wiki nane nzima nikapokea shikamoo zake nikiwa kimya.

Miaka ile vilima vilikuwa vimejaa maturubai ya bluu. Parokia ilinipa kazi ya mlango mkubwa wa kanisa, wa mvule, wenye maua na majani kuanzia juu mpaka chini. Mimi nilikuwa hodari wa meza na vitanda. Maua sikuyajua. Lakini nilikuwa kijana, nilitaka sifa, nikakubali.

Zakaria alipita kwenye karakana yangu kuomba kibarua. Kabla sijamjibu aliokota kipande cha mbao, akashika patasi yangu, akachonga jani moja. Nililigusa kwa kidole nikajua huyu ndiye.

Wakimbizi hawakuruhusiwa kufanya kazi nje ya kambi, kwa hiyo nilimweka chumba cha nyuma. Alikuja kwa miezi minne. Nilimpa unga na maharage. Nikamwambia asimwambie mtu yeyote, hata nyumbani kwake, maana ikijulikana tutaumia wote wawili. Alinitii.

Mlango ulipowekwa, padri wa wakati ule aliuliza mbele ya waumini ni nani aliyechonga maua yale. Zakaria hakuwepo.

Nikasema ni mimi.

Tangu siku hiyo ni mlango wa Fundi Gervasi. Watu wamenijua kwa mlango ule. Aliyekuja kutaka maua kama yale nilimwambia nimezidiwa na kazi, nikamtengenezea mlango wa kawaida. Zakaria aliugua mwaka uliofuata. Habari za kifo chake nilizisikia baada ya mazishi. Sikwenda kutoa pole. Ningesema mimi ni nani kwake?

Wiki iliyopita mtu mwenye nyumba ya wageni kule Rusumo alileta kazi pale mjini tunakojifunzia: milango sita yenye maua ya kanisa letu, na kwenye kila mlango kibao kidogo chenye jina la aliyeyabuni. Vestina alifurahi kuliko mimi. "Fundi, hii uichore wewe mwenyewe," alisema. "Ni maua yako."

Basi nikaupiga mlango picha, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaanza kuyafuata majani kwa nukta, moja baada ya nyingine. Siku tatu. Ukifuata mstari wa mtu hivyo, unaona mahali alipokaza mkono na mahali alipopumzika. Chini, upande wa kushoto, kuna jani ambalo halikumalizika. Nakumbuka siku ile alikuwa na homa, nikamwambia aliache hivyohivyo, hakuna atakayeinama kuliangalia.

Ijumaa nikamaliza. Programu ikataka jina la mchoraji. Vestina aliinama juu ya bega langu akaandika mwenyewe: Gervasi.

"Futa," nikamwambia.

"Nimekosea herufi?"

"Hapana, Mwalimu. Maua haya si yangu. Ni ya baba yako."

Nilimweleza yote. Sikupamba. Aliposema neno, halikuwa nililolitegemea.

"Alikuwa anatuaga anakwenda kutafuta kuni," alisema. "Jioni anarudi hana hata kijiti. Ana unga, ana maharage. Mama akaamini ana mwanamke huku. Vile vyakula hakuvipika hata siku moja, Fundi. Alivigawa kwa majirani. Sisi tulikuwa tunavitazama vikitoka."



"Na mpaka leo Mama anaamini hivyo," akaongeza. Akazima kompyuta yangu. "Jumatatu tunakwenda Murukulazo. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Leo ndiyo ilikuwa Jumatatu.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili, njia imejaa tope. Mahali pamoja tulisimama pembeni kupisha mabasi yaliyobeba Warundi wanaorudi kwao, magodoro yamefungwa juu na watoto wamebandika nyuso kwenye vioo. Vestina aliangalia upande wa mashamba mpaka mabasi yakaisha.

Mama yake anakaa kwenye kiwanja cha marehemu kaka yake, aliyekuwa mkazi wa huko tangu zamani. Tulimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Ni mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, sauti yake bado ina nguvu. Vestina akasema kwa Kirundi kwamba mgeni ana maneno, kisha akasimama mlangoni.

Nilisema yote, kuanzia lile jani la kwanza mpaka siku niliyosimama mbele ya padri. Mama hakuacha kuchambua. Nilipomaliza, mvua ilikuwa imeanza tena, nikadhani labda hakunisikia.

"Mchana alikuwa anakula nini kwako?" akauliza.

"Ndizi na maharage, mama. Mke wangu ndiye aliyekuwa anapika."

"Mkeo alikuwa anamwona?"

"Kila siku."

"Kwa hiyo mkeo alijua mume wangu yuko wapi. Mimi ndiye sikujua."



Akaweka ungo chini. "Alipougua alikuwa ananiita. Nasikia, siendi. Namtuma huyu ampelekee maji." Akamwonyesha Vestina kwa kidevu. Vestina alijiziba mdomo kwa kiganja. "Amekufa sijamsemesha, miezi miwili. Unasikia, Fundi? Miezi miwili, ndani ya hema moja."

Nikapiga magoti pale kwenye majivu. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Hilo liache kwanza." Hakunikaripia. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake asubiri kidogo, sufuria bado iko motoni. "Ni mlango gani? Ni ule ninaopita Krismasi?"

"Ndio huo."

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. "Jumapili nitakuja asubuhi kabla ya watu. Utanionyesha, jani kwa jani. Watu wakishaingia, utasimama useme, kama ulivyosimama siku ile."

Nikamwuliza jina la pili la mumewe. Miezi minne mtu yule alikula nyumbani kwangu na sikuwahi kumwuliza. Alinitajia mara mbili, polepole, ili nisikosee. Hapa silitaji, litakuwa kwenye vibao vya milango sita, na ruhusa ya kulitaja kwingine ni ya mama yule. Kabla sijarudi Nyamiaga tulipitia mjini, nikaliandika kwenye faili kwa mikono yangu, herufi moja moja. Vestina alinitazama nikihifadhi kazi. Hakuniita Fundi. Lakini aliponiona natafuta kitufe cha kuzima kompyuta, alinionyesha kwa kidole kilipo.

Nimemsimulia mke wangu. Alikuwa anakata mboga, akaacha. Nilidhani atanitetea, atasema zilikuwa nyakati ngumu, sote tulikuwa tunaogopa. Maneno hayo nimejiambia mwenyewe miaka yote hii, nami nilitaka kuyasikia kwa mtu mwingine, walau mara moja.

Badala yake akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nampakulia. Jumapili sitakaa kwenye benchi nikikuangalia. Tutasimama wote."

Nimempigia padri wa sasa simu. Amesema atatupa nafasi baada ya matangazo. Aliuliza ni tangazo la nini, nikamwambia ni la mlango. Akacheka kidogo, akidhani nataka kuukarabati.

Zimebaki siku sita. Najiuliza nitaanza na neno gani, na kama sauti itatoka. Sijui mama yule ataniangalia mimi au ataangalia mbao. Sijui watu wataniitaje kuanzia Jumatatu ijayo.

Acha kwanza nikaoshe viatu.