Siku Niliyokataa Chai

Mpendwa Mama Akinyi,

Kaa chini kwanza, kwenye kile kiti ambacho mguu wake haujalegea. Nina tangazo zito. Mimi mumeo, mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai hapa Sotik, nimekataa kikombe cha chai. Mbele ya mashahidi.

Sasa salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na yule jogoo? Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kelele kabla sijafika katikati.

Unakumbuka nilipotoka Mombasa kumwona mjukuu wetu, nikajisifu kwamba nililala ndani ya neti kila usiku? Ni kweli. Lakini mchana nilijilaza barazani kwa Akinyi kifua wazi, kando ya mapipa ya maji, na mbu wa homa ya dengue huuma mchana. Nadhani tumbo hili waliliona kama karamu.

Niliporudi huku, homa ikanishika ghafla. Macho yaliuma kwa nyuma, mifupa kama imepitishwa kwenye mashine ya kusaga majani. Nikasema ni malaria. Sisi watu wa ziwani tunaijua kama shemeji, haibishi hodi. Nikameza dawa bila kupimwa, na juu yake vile vidonge vya maumivu ambavyo wachumaji hutembea navyo mfukoni kwa ajili ya mgongo. Jirani yangu Kiprono akaniletea mursik.

"Baba Akinyi, kunywa haya maziwa. Hiyo ni baridi tu ya huku."

Madaktari wawili, hakuna aliyesoma.

Homa ikashuka. Nikajitangaza mzima, nikarudi kazini kunyausha majani. Wakati wa mapumziko Kiprono akanikodolea macho.

"Mzee, hiyo chapati umepaka jemu?"

"Jemu nitoe wapi?"

"Basi ni damu. Hebu fungua mdomo."

Zilikuwa fizi. Tumbo nalo lilikuwa linaniuma tangu asubuhi, nikisingizia maharagwe. Akanikokota hadi hospitali.

Nesi alinieleza kwamba dengue hupunguza zile chembe zinazogandisha damu, na mishipa huanza kuvuja maji ndani kwa ndani. Hatari huja homa ikishashuka, pale mtu anapojiona amepona. Vile vidonge vyangu navyo huzidisha kutoka damu. Kwa hiyo ukienda kwa Akinyi wiki ijayo, funikeni mapipa, na uvae mikono mirefu mchana. Ukishikwa na homa, pimwa kwanza. Dawa ya maumivu iwe parasetamoli tu.

Wasalimie mama, kaka yako fundi wa baiskeli, na dada yako wa kwaya. Huyo dada mwambie bado namwogopa.

Sasa ukweli wenyewe. Kiprono alipokuambia kwenye simu kwamba niko ovataimu, alisema nilivyomwagiza. Nilikuwa kitandani na dripu, presha imeshuka, nesi haniachi. Asubuhi nesi akaniletea chai. Ilikuwa na ladha ya msumari, nikairudisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, "Mtu wa kiwanda amekataa chai!" Wote wakacheka. Mimi niligeukia ukuta, kwa sababu nilikuwa nawaza kwamba nikifa, wewe unajua niko ovataimu.

Leo nimemaliza kikombe kizima.

Ni mimi wako,
Baba Akinyi